Upande wa Picha

Kadi za duka la Nyaga zilinuka mafuta ya taa. Alikuwa ameziweka katika katoni chini ya meza, ubavuni mwa pipa la mafuta, na kila alipompimia mtu nusu chupa, matone mawili matatu yalikosa mdomo wa chupa yakaangukia kwenye katoni. Hadi leo, stima inapopotea hapa mjini Embu na jirani yangu akawasha kandili, harufu ile hunirudisha Ishiara, katika mwaka ambao mvua mbili zilikosa kunyesha, moja baada ya nyingine. Nina miaka kumi na miwili. Nimesimama mbele ya meza iliyopakwa rangi ya kijani, tumbo limeshikana na mgongo, namsubiri mama yangu amalize kuchagua picha.

Zilikuwa postikadi za watalii. Nyaga alizinunua kwa jumla kutoka hoteli moja iliyofungwa, akiamini kwamba barabara ikitengenezwa wazungu wangepita Ishiara wakielekea mbugani. Barabara haikutengenezwa wakati huo, na wageni pekee waliosimama mbele ya duka lake walikuwa mbuzi. Basi akaziuza kwa bei ya chini kuliko karatasi na bahasha, na ndivyo watu wa kwetu Mbeere, ambao wengi wao hawakuwahi kumwona twiga, walivyoanza kupashana habari za matanga, mahari na mbuzi waliopotea kwenye migongo ya twiga. Watu walichukua kadi ya juu, wakalipa, wakaenda zao. Mama yangu hakuwahi kuchukua ya juu. Alipiga magoti, akaitoa katoni yote, akazipitia kadi moja moja, akizisogeza mbele ya macho na kuzirudisha nyuma.

"Mama Muthoni," Nyaga alimwambia siku moja, "unanunua kadi au unamtafutia mwanao mke?"

"Kazi yako ni kuuza," mama alimjibu bila kuinua uso. "Macho ni yangu."

Wanaume waliokuwa wakitafuna majani ya muguka nje ya duka walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwonea haya kidogo. Mama hakujua kusoma, na nilidhani picha zilimfurahisha kama zinavyomfurahisha mtoto mdogo, kwamba alizitazama kwa sababu upande wa pili, upande wa maneno, ulikuwa umefungwa kwake. Upande ule ulikuwa wangu. Nilikuwa darasa la sita, mwandiko wangu ulisifiwa na walimu, na nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa karani.

Kadi zote zilikwenda kwa mtu mmoja, jina lake Kathure. Walikutana wakiwa wasichana, vibarua wa kuchuma kahawa katika shamba moja kubwa huko juu ambako ni baridi. Mama, ambaye wakati huo aliitwa Igoki tu, alitoka Mbeere. Kathure alitoka Imenti. Walilala chini ya blanketi moja kwa misimu miwili ya kahawa. Kimbeere na Kimeru ni ndugu, lakini ndugu hawafanani kila kitu, na mama alinisimulia kwamba palipokosekana neno walionyeshana kwa kidole: moto, mvua, nyapara anakuja, jificha. Kisha kila mmoja akaolewa. Mama akaja Ishiara kwenye mtama na pojo, Kathure akaenda Mitunguu ambako maji ya mfereji hupita katikati ya migomba. Si mbali. Lakini kati yetu kulikuwa na mito na barabara iliyopendwa na punda tu, na tangu harusi zao walikuwa wameonana mara mbili. Kadi zake zilipitia sanduku la posta la shule yetu. Zetu zilikwenda kwa sanduku la kanisa lake. Hivyo ndivyo watu wa mashambani walivyopata barua, kwa kupitia anwani ya mtu mwingine, na hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu.

Nitayasimulia ya mwaka ule kwa mpangilio, kwa sababu nikiyaacha yaje yenyewe huja yote kwa pamoja. Kwanza mtama uliota ukafika magotini ukakauka. Kisha pojo. Kisha baba akawakusanya ng'ombe wetu wanane na kuondoka nao kutafuta majani upande wa Mwea, akasema atarudi mwezi ukiwa mpevu. Mwezi ulikuwa mpevu mara mbili. Mbuzi tuliwauza mmoja mmoja, kila mmoja kwa unga kidogo kuliko aliyemtangulia. Mto ulikauka, tukawa tunachimba mchanga kwa mikono hadi mabegani, tunangoja maji yajikusanye, tunayachota kwa kibuyu kidogo, kina mama wamepanga foleni nyuma yetu kimya. Serikali ilileta mahindi ya njano mara moja, na harufu yake ilikuwa ya gunia kuliko chakula, lakini tuliyala hadi vumbi lake. Baada ya hapo tulichemsha ukwaju. Kuna siku mama alichemsha maji matupu, akaacha sufuria itoe mvuke mlangoni ili majirani wapitao waone tunapika. Majirani nao walikuwa wakichemsha maji matupu. Nilijua, kwa sababu nilicheza na watoto wao.

Ndugu yangu Njiru alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mama alimwita "baba", kama ilivyo desturi kwa mtoto anayebeba jina la babu yake mzaa mama. "Baba, nyonya," alimwambia, na Njiru alinyonya, akaacha, akalia, akanyonya tena, hadi alipoacha kulia. Hilo ndilo lililonitisha. Nywele zake zilibadilika rangi zikawa kama vumbi la barabarani. Miguu yake ikavimba, na ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki.

Katika miezi hiyo tulipeleka kadi nne Mitunguu. Nakumbuka maneno ya kila moja, na si kazi kuyakumbuka, kwa maana yalikuwa yale yale. Mama alikaa kwenye kigoda, mimi nikaweka kadi juu ya kifuniko cha sufuria, akaniambia: "Andika. Kathure, hujambo? Sisi wazima. Mvua imechelewa kidogo. Wasalimie watoto. Ni mimi Igoki." Mara ya tatu niliuliza kama nisiandike kwamba baba hajarudi.

"Nimekuambia uandike nini?"

"Sisi wazima."

"Basi andika sisi wazima."

"Lakini mama, sisi si—"

"Muthoni. Siri ya mtungi muulize kata. Wewe ni kata ya nyumba hii. Usiwe tundu lake."

Niliandika. Lakini wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa methali ya kutungia insha: mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Niliandika kurasa tatu, nikapata alama za juu, na insha yangu ikasomwa mbele ya darasa. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na methali mbili kichwani, ya mama na ya mwalimu. Ya mwalimu ilikuwa imenipa makofi.

Kadi ya tano mama aliichagua dukani kwa muda mrefu kuliko zote. Nyaga hakumtania. Duka lake lilikuwa limebaki na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Jioni mama alikaa kwenye kigoda akiwa na Njiru mapajani, akanitamkia maneno yale yale. Mkono wangu ulianza kuandika yale yale, "Kathure, hujambo", kisha ukaacha. Mama alikuwa akinitazama. Mkono uliendelea kwenda, kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, naye aliona mkono unaandika, na kwa kuwa hakujua kusoma hakuona kitu kingine. Niliandika: "Hatujala tangu juzi. Njiru amevimba miguu na halii tena. Baba hajarudi. Mama hataki ujue. Tafadhali tusaidie. Ni mimi Muthoni." Mama aliichukua kadi, akapuliza wino ukauke, akaigeuza akatazama picha kwa muda, akanirudishia.

"Umeandika vizuri," alisema.

Asubuhi niliitia katika mfuko wa barua wa shule. Sikuwa na hofu. Nilijiona nimefanya jambo kubwa, jambo la mtu aliyesoma. Kila siku nilihesabu: leo kadi iko Embu, leo iko Meru, leo iko mikononi mwa Mama Kendi, anasoma, anashika kichwa. Kendi alikuwa binti yake Kathure, wa rika langu, na sikuwahi kumwona. Nilimwona Kathure akisoma kadi peke yake, ameketi chini ya mgomba, akiinuka na kumwambia mumewe jambo kwa sauti ya chini. Ndivyo nilivyoamini kadi husomwa. Siku zilipita, Njiru akaacha kufuata kidole changu kwa macho, nami nikaanza kuamka alfajiri na kuweka sikio langu karibu na pua yake kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Walikuja siku ya Alhamisi. Tulisikia kabla ya kuona. Kwanza pikapu ikigugumia kwenye kilima, kisha nyimbo. Walikuwa watu kama kumi na watano, wengine wamekaa juu ya magunia, wanawake wamefunga vitambaa vyeupe vya chama chao, wanaimba wimbo wa shukrani wa kanisani na kupiga makofi. Watoto wa kijiji kizima walikimbia nyuma ya vumbi. Majirani walitoka, wakasimama kwenye ua wetu wa miiba: Mama Ciarunji, Mama Nthiga, mke wa Nyaga, watu ambao kwa miezi walikuwa wakiuona mvuke wa sufuria yetu nasi tukiuona wa kwao, na hakuna aliyesema neno.

Pikapu ilisimama katikati ya uwanja. Mwalimu wa kanisa, mtu mwembamba aliyevaa koti la buluu kwenye jua kali, aliteremka wa kwanza, akatoa Biblia, na kutoka ndani ya Biblia akatoa kadi yangu. Aliinyanyua juu. Alieleza, kwa sauti ya mtu aliyezoea mikutano, jinsi alivyowasomea Jumapili, jinsi wanawake walivyolia, jinsi harambee ilivyofanywa pale pale uani na kuendelea hadi Jumatano, kila boma likatoa lililoweza. Kisha akaisoma tena, yote, kwa ajili ya wale ambao hawakuisikia. "Mama hataki ujue," alisoma, na akatulia kidogo, kama mtu anayesoma mstari mtamu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na Njiru mgongoni. Niliona uso wake ukigeuka kunitafuta, ukanipata, ukaniacha. Kisha akafanya yaliyompasa. Alipita kwa kila mgeni, akamsalimu kwa mkono. Wageni walikuwa wametoka mbali, wana vumbi hadi kwenye kope, na nyumbani kwetu hapakuwa na chai wala sukari, na maji yalikuwa nusu kibuyu. Akanituma kwa Mama Ciarunji kuomba maji. Mbele ya watu wote hao, akanituma kuomba maji ya kuwapa watu waliotuletea chakula. Sijui kama msomaji wa leo ataelewa. Kwetu mtu anaweza kufa njaa na akabaki mtu, lakini mgeni akiondoka uwanjani mwako koo kavu, umekwisha.

Kathure aliteremka mwisho. Nilimjua kwa sababu yeye peke yake hakuwa akiimba. Alimwendea mama akiwa amefungua mikono yote miwili, na mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, kama mtu anavyomsalimu askofu. "Asante sana kwa kuja," mama alimwambia. Mikono ya Kathure ilibaki wazi kwa muda, kisha akaishusha. Walimsimamisha mama kando ya magunia aseme neno. Akasema, "Mungu awabariki."

Walimpeleka Njiru hospitali kwa pikapu ile ile, mama akiwa mbele na dereva, na huo ndio ukweli wa jambo hili ambao siwezi kuuruka. Alikaa wodini mwezi mzima, akarudi anacheka. Baba pia alirudi, na kamba nane begani bila ng'ombe. Tuliishi. Mahindi ya Mitunguu, ndizi mbichi na maharagwe yalitufikisha kwenye mvua.

Siku mama aliporudi kutoka hospitali, aliniita nyuma ya ghala tupu. Nilidhani atanichapa na nilikuwa nimejiandaa.

"Nisomee ulichoandika," alisema.

Nilimwambia kwa kichwa, kwa kuwa kadi ilirudi Mitunguu ndani ya Biblia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kathure hajui kusoma," aliniambia. "Ulidhani nani angemsomea?"

Katika hesabu zangu zote za kadi iko Embu, kadi iko Meru, sikuwahi kumhesabu mtu huyo wa kusoma. Kanisani kwao, mama alinieleza, barua huwekwa juu ya meza kando ya mlango, na baada ya ibada wasiojua kusoma huketi kwenye benchi, mwalimu akawasomea, na kila aliye karibu husikia. Hilo alilijua tangu kadi ya kwanza. Ndiyo maana sisi tulikuwa wazima.

Kijiji hakikuwa kibaya, lakini njaa haikuwa imewaacha wengine, na magunia yale hayakuwatosha wote ingawa mama alipeleka bakuli kila nyumba iliyotuzunguka. Kisimani Mama Nthiga aliuliza kwa sauti tamu, "Mama Muthoni, wageni wako wa nyimbo wanarudi lini, na sisi tuvae vizuri?" Watoto walipomwona akipita na mtungi walianza wimbo ule wa shukrani na kupiga makofi, hawakumaanisha ubaya, uliwapendeza tu. Mama aliacha kwenda kisimani mchana. Kathure alituma kadi mbili baada ya hapo. Nilizibeba kutoka shuleni hadi nyumbani, nikamsomea mama: salamu, na kuuliza hali ya mtoto. Aliziweka. Hakuniambia niandike. Nilingoja mwezi, nikangoja mwaka. Maji yakimwagika hayazoleki, na hayo niliyamwaga mimi kwa mwandiko mzuri. Hakuwahi kuingia tena duka la Nyaga kwa ajili ya kadi, na katika miaka yote aliyoishi baadaye hakuwahi kulitaja jina la Kathure mbele yangu.

Mama alifariki mwaka jana. Katika sanduku lake nilikuta kadi za Kathure zimefungwa kwa leso, zikiwa bado na harufu ya moshi. Ile ya mwisho ilikuwa na picha ya pundamilia wawili, kila mmoja ameweka kichwa juu ya mgongo wa mwenzake, na pembe za kadi zilikuwa zimechakaa kwa kushikwashikwa. Nilikaa nayo kitandani hadi chai ikapoa. Wiki mbili baada ya mazishi nilikwenda Mitunguu.

Kathure ni mzee sana sasa, na jicho moja limeingia mtoto wa jicho. Kendi, ambaye hatimaye nilimwona, alinitengea kiti barazani, akamweleza mama yake mimi ni nani, na mimi nikamweleza Kathure kwamba Igoki hayupo. Kisha akamtuma Kendi alete bati la mafuta ya kupikia. Kadi zetu tano zilikuwa ndani, hata ile ya tano. Mwalimu wa kanisa alipostaafu aliitoa katika Biblia yake akamrudishia mwenyewe. Nilizinusa. Mafuta ya taa, baada ya miaka yote hiyo. Nimefanya kazi ya masijala maisha yangu yote, na mikono yangu ilifanya ilichozoea: nilizipanga juu ya meza kwa tarehe, maneno yakiwa juu. Sisi wazima, sisi wazima, sisi wazima, sisi wazima, na ile yangu.

"Umezipanga vibaya, mwanangu," Kathure alisema.

Akazigeuza, moja baada ya nyingine, kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nimeziandika zote kwa mkono wangu, na sikuwa nimewahi kuzitazama. Ya kwanza ilikuwa twiga watatu kwenye mti wenye majani ya juu tu, chini pamekauka. "Hapa mvua haijaja," alisema. Ya pili, kundi la nyati likiondoka katika vumbi. "Ng'ombe wamehama." Ya tatu, swala jike na mtoto wake, peke yao katika uwanda mpana. "Baba yako ameondoka, nikajua." Ya nne, tembo wanachimba mchanga wa mto mkavu kwa miguu na mikonga, mdogo amesimama nyuma anangoja. Aliiwekea kiganja juu.

"Hii ilipofika sikungoja mtu anisomee. Nilikata mikungu mitatu. Nikamwambia mzee wangu, Jumatatu ni soko la Ishiara, nitapanda lori la ndizi na wachuuzi wengine, nishuke sokoni, nimtafute Igoki kama mtu anayetafuta wateja. Nani angejua? Ningemchukua mtoto mgongoni, nirudi naye hapa hadi mvua. Lori lilikuwa la Jumatatu." Akagusa ya tano. "Hii ikasomwa Jumapili. Wakasema, Mama Kendi, usiende peke yako, tutaenda sote. Nitawaambiaje hapana? Walikuwa wanalia."

Alihamisha kiganja akaifunua picha ya ile ya tano. Ilikuwa mti mmoja usio na jani. Hakuna mnyama, hakuna ndege, ardhi tu na mti. "Na huu mama yako alinichagulia," alisema. "Sikupata nafasi ya kuutazama. Kila mtu alikuwa ananitazama mimi."

Nilimuuliza swali nililolibeba tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, nikiligeuza kidogo: kama angekuja Jumatatu na mikungu yake mitatu, bila pikapu, bila hospitali, Njiru angepona?

"Sijui," alisema Kathure. "Pengine ndizi zingemtosha. Pengine ningemzika hapa. Mungu hakunionyesha ile Jumatatu."

Nimeijaribu hesabu hiyo mara nyingi tangu wakati ule, na haitoki. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba palikuwa na wanawake wawili wasiojua kusoma, na walikuwa wakiambiana kila kitu, na aliyekuwa haoni ni mimi. Leo hakuna anayenunua kadi. Duka la Nyaga ni la simu, na picha ninazopokea kwa siku moja zinashinda katoni yake yote. Ndugu hutumiana maua yenye maneno ya baraka asubuhi na jioni, nami kwa miaka nilizifuta bila kuzitazama, nikasoma maneno tu, nikajibu kwa maneno.

Njiru ni fundi wa kuchomelea vyuma Makutano, mjini Meru. Ana watoto watatu na cheko kubwa. Jumapili iliyopita alituma ujumbe katika kundi letu la ukoo: "Tuko sawa. Mungu ni mwema." Chini yake aliweka picha ya kikombe cha chai ya rangi, na maneno asubuhi njema. Binamu wakamjibu amina, amina. Mimi niliikuza ile picha. Kikombe kilikuwa juu ya mashine yake ya kuchomelea, na mashine ilikuwa imefunikwa gunia, na juu ya gunia vumbi lilikuwa la siku nyingi.

Sikuandika kitu. Jumatatu nilinunua mkungu wa ndizi na unga, nikapanda gari la Meru. Nilimkuta ameketi nje ya kibanda kilichofungwa, mikono mapajani. Alinitazama, akatazama mzigo, nikaona uso wake unaanza kutafuta maneno.

"Dada," alisema, "unaelekea wapi na ndizi?"

"Sokoni," nilimwambia. "Nisaidie kutua."